Mwezi wa Kuonja Kisima

Nilikuwa bwana shamba kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimewasikia wataalamu wengi wakisema kwamba wazee wa pwani yetu walimwagilia kwa kubahatisha tu mpaka walipokuja kufundishwa. Kila nikisikia hivyo hukasirika, na hasira yangu ina jina la mtu. Anaitwa Kijakazi binti Likwata, mwanamke wa Namkoko, kijiji kidogo cha minazi kati ya Kilwa na Mchinga. Hakusoma skuli wala hakuwahi kushika kalamu, na jambo alilolifumbua kwenye kisima chake mwaka 1906, mimi nilikuja kufundishwa darasani kwa michoro ya rangi tatu. Habari zake nilizipata kwa bibi yangu Sada, aliyekuwa jirani yake. Bibi alikuwa mtu wa kusema kweli hata pale kweli ilipomuumbua mwenyewe.

Jina la Kijakazi lisimpe mtu tabu. Hakuwa kijakazi wa mtu yeyote. Mama yake, Mmwera wa bara ya Lindi, alizika watoto watatu kabla yake, na huyu wa nne akampa jina la unyonge ili kifo kimdharau kimpite. Kikampita kweli. Akakua mfupi, mwenye viganja vipana, hana maneno mengi, na mwenye kero moja ambayo bibi hakuisahau: ukimweleza kitu, alikuuliza umejuaje. Mumewe alikufa kwa homa mapema, akamwachia kipande cha bustani nyuma ya nyumba na kisima kifupi ambacho mtu mzima akisimama ndani yake kichwa kilionekana nje.

Vita vya Maji Maji vilipozuka katika vilima vya Umatumbi, watu wakiwa wamechoshwa na pamba ya kulazimishwa na viboko vya Wadachi, vijana kadhaa wa Namkoko waliondoka usiku mmoja bila kuaga. Mmoja wao alikuwa Ahmadi, mwana wa pekee wa Yunusu, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Kijakazi. Ahmadi alinyunyiziwa ile dawa ya maji iliyosemwa kwamba itaziyeyusha risasi, akaenda nayo vitani kwa imani yake yote, na risasi hazikuyeyuka. Hata kaburi lake halijulikani liko wapi. Baadaye askari wakaja. Walichoma maghala, wakang'oa mihogo, wakatia moto mashamba yote ya upande wa bara. Kufika kiangazi cha 1906 watu wa Namkoko walikuwa wakichimba ming'oko, mizizi ya porini, na hata ming'oko ilikuwa imeanza kuadimika.

Palisalia kitu kimoja. Nyuma ya nyumba ya Kijakazi kulikuwa na matuta sita ya marando ya viazi vitamu, mabichi.

Asiyelima anaweza kuona hilo si kitu, kwa hiyo nieleze. Kiazi kitamu hupandwa kwa marando, ile mitambazi yake, na marando lazima yawekwe hai kiangazi kizima, yakimwagiliwa, ili mvua ya kwanza ikinyesha yakatwe vipande na kupandwa mashambani. Miaka ya kawaida kila nyumba ilikuwa na tuta lake dogo karibu na kisima. Mwaka ule ya wengine yalikuwa yameungua au yameliwa. Matuta sita ya Kijakazi yakikauka, hapana mtu Namkoko atakayepanda kiazi mvua zikija, na hakukuwa na njia salama ya kwenda kutafuta mbegu kwingine. Kila mtu alilijua hilo. Walipita nyuma ya nyumba yake asubuhi kuyatazama tu, kama watu wanaokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Majani ya viazi ni mboga, tena tamu, na njaa haina haya. Walikuja kumwomba, akawanyima. Bibi yangu naye alikwenda kuomba konzi moja ya matembele ya kumchemshia mtoto, akanyimwa vilevile, na akamnunia Kijakazi siku tatu. Siku ya nne akapatana naye kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alimkuta Kijakazi anachemsha mizizi ileile aliyokuwa akiichemsha yeye, na ndani ya chungu hamkuwa na jani hata moja.

Sasa nije kwenye kosa, maana lilikuwepo, na lilikuwa kosa la Kijakazi. Mwezi wa Shaabani maji ya kisima yalipungua, ndoo ikawa inapanda na tope. Akamwendea Yunusu. Huyu Yunusu alikuwa fundi wa visima, jina lake likijulikana kuanzia Kilwa Kivinje mpaka Mchinga, na kwa fundi wa visima dawa ya kisima kilichopungua ni moja tu, kukichimba zaidi. Alishuka akachimba kimo cha mtu mwingine. Maji yakaja mengi mno, baridi, ya kujaa ndoo kwa mkupuo mmoja. Kijakazi alimshukuru, watu wakashangilia, na siku chache matuta yalikunywa mpaka yakashiba.

Siku ya kumi kingo za majani zikaanza kuwa kahawia. Akaongeza maji. Kadiri alivyoongeza, ndivyo ukahawia ulivyozidi kuingia ndani ya jani. Tuta la kwanza likafa, kisha la pili, kisha mawili kwa pamoja. Aliweka ulimi kwenye udongo akaonja chumvi, na hapo akajua kwamba mwenye kuyaua marando ya kijiji kizima ni yeye mwenyewe kwa mikono yake. Bibi alisema hakumwona Kijakazi akilia hata siku aliyofiwa na mume, ila siku hiyo alimwona amekaa chini katikati ya matuta anajipiga magoti kwa ngumi.

Mtu mwingine angesema kisima kimelaaniwa, au angemlaumu shemeji yake. Kijakazi alitaka kujua kwa nini, kwani alikuwa amegundua jambo la ajabu: maji hayakuwa ya chumvi wakati wote. Asubuhi fulani yalikuwa ya kutema, mchana wake yana afadhali, kesho yake kinyume chake. Alionja kila alipopata nafasi, alfajiri, adhuhuri, alasiri, na kila alipodhani ameshika utaratibu ukamponyoka. Kichwa kikamjaa ladha zisizo na mpangilio.

Ndipo Ramadhani ikaandama, na mchana hakuweza kuonja tena.

Mwalimu Maftaha wa msikitini alimwambia kwamba mpishi anaruhusiwa kugusa chakula kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa hiyo naye kwa dharura yake angeweza. Kijakazi akajibu kwamba mpishi anajua anachokitafuta, ila yeye hakijui bado, na anaogopa asije akasahau akameza. Akaamua ataonja mara moja tu kwa siku, adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Wakati wenzake walifuturu kwa uji mwepesi, yeye alitangulia kwa funda la maji ya kisima kile kibovu. Kisha alichomoa njiti ya ukuti kwenye ufagio wake. Maji yakiwa matamu aliichomeka nzima kwenye ukuta wa makuti, yakiwa ya chumvi aliikunja katikati ndipo akaichomeka. Kila jioni njiti moja, pembeni ya ile ya jana.

Jioni sita za kwanza njiti zilikuwa nzima. Akaanza kufurahi kwamba kisima kimepona. Siku ya saba akakunja, na akakunja sita mfululizo, na furaha ikamwishia. Katikati ya mwezi zikarudi nzima. Ilipofika siku ya ishirini na mbili amekunja tena, akarudi nyuma hatua tatu na kuutazama ukuta wake: nzima, zilizokunjwa, nzima, zilizokunjwa, kwa zamu, na zamu zote zilikuwa karibu sawa kwa urefu.

Wanaosoma vitabu wanajua thamani ya kitu alichokifanya bila kukusudia. Alipokuwa akionja ovyo ovyo, saa zilimchanganya. Funga ilimfunga kwenye wakati mmoja, ule wa magharibi, siku zote thelathini, na kitu kingine kikapata nafasi ya kupita mbele yake polepole akakiona. Hakujua bado ni kitu gani. Aliyempa ufunguo ni bibi yangu, na alimpa kwa mzaha.

Bibi alikuwa akienda pwani kuokota kombe na chaza kwenye miamba bahari inapokupwa, na siku akizipata alimpelekea Kijakazi bakuli la mchuzi wa futari. Kijakazi alipomwonyesha njiti, bibi aliziangalia akacheka. Alisema njiti nzima ni zile jioni alizoleta mchuzi, na zilizokunjwa ni zile alizokuja mikono mitupu.

"Ulimi wako da Kijakazi," akamwambia, "unanusa kitoweo kabla hakijafika, basi hata maji unayaona matamu."

Kijakazi hakucheka. Alimuuliza ni siku zipi anazopata kombe. Bibi akaona ni swali la mtu wa bara kabisa. Alimweleza kwamba kombe hupatikana siku za bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari inapokupwa mbali sana kabla ya adhuhuri na kujaa sana alasiri. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, miamba haitoki, na jioni ndiyo inakuwa imekupwa kidogo tu. Kijakazi akamwomba arudie lile la alasiri. Bibi akarudia. Kijakazi akakaa chini.

Alilolielewa akiwa amekaa pale ni hili. Chini ya mchanga wa Namkoko maji ya mvua yamelala juu ya maji ya bahari, kama mafuta ya nazi yanavyoelea juu ya mchuzi. Bahari ikijaa huyasukuma juu, na baada ya kitambo kidogo maji matamu hupanda kisimani. Ikikupwa hushuka, na anayeteka wakati huo huchota kwenye chumvi. Kisima cha zamani, kwa ufupi wake, kilikuwa kinagusa maji ya juu peke yake. Shimo alilochimba Yunusu lilikuwa limefika kwenye bahari iliyo chini, na kila ndoo iliyozama mle ilivuruga matamu na machungu yakawa kitu kimoja.

Kwa hiyo palihitajika mambo mawili. La kwanza, kuteka wakati bahari imeyainua maji matamu, kwa kata ya kifuu, juu juu, na kuyatunza maji mitungini kivulini mpaka jua lipoe. Hilo alilianza kesho yake. La pili lilikuwa gumu. Ilibidi shimo lifukiwe.

Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mumewe, hakuweza kutupa hata konzi ya mchanga kisimani bila ruhusa ya Yunusu. Na fikirini wenyewe, kumwendea fundi wa visima, mwenye jina, aliyekuchimbia bure, ukamwambia akafukie kazi yake. Akaenda. Alimkuta kibarazani, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaanza kumweleza habari za njiti, mwezi, na maji yanayopanda na kushuka kwa saa zake.

Yunusu alimsikiliza mpaka kwenye neno mwezi. Kisha uso ukambadilika. Bibi, aliyekuwa amefuatana na Kijakazi, alisema alidhani mzee atampiga.

"Shemeji, nyumba hii isisikie tena mafundisho ya maji," alisema. "Mwanangu walimjia na maneno kama hayo. Maji yana siku zake, maji yana masharti yake, yaamini tu. Aliamini. Nioneshe alipolala."

Mwaka ule si Yunusu peke yake. Yeyote aliyeanza kusema maji yana siri alitazamwa kwa jicho baya, na haki yao. Kijakazi alitazama miguu yake. Alijua kwamba akikosea neno moja hapo, matuta mawili yaliyobaki yamekwenda.

"Mimi sikuombi uamini shemeji," akasema. "Naomba uonje. Leo magharibi yatakuwa ya chumvi. Njoo tena mwezi ishirini na tisa, yatakuwa matamu. Yakiwa vingine, shimo liache lilivyo, na mimi sitalitaja tena mpaka nife."

Jioni ile adhana ilipolia Yunusu alikuwa amesimama kando ya kisima, kofia mkononi, kwa hasira iliyomfanya asahau hata kubisha hodi. Kijakazi akamtekea kwa ndoo. Mzee akafuturu kwa funda lile, akatema, akaondoka. Kila jioni iliyofuata alirudi, na hakuna aliyemwita. Mwezi ishirini na sita alionja akasimama kidogo. Ishirini na saba akameza. Ishirini na tisa alikunywa kata nzima, akaomba ya pili, na alipoimaliza akakaa kwenye ukingo wa kisima, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameshachimba visima arobaini pwani hii, na vingi kati ya hivyo watu walivihama baada ya miaka michache, na yeye siku zote alidhani ni uvivu wao.

Nampenda Kijakazi, lakini hapo nampenda na Yunusu. Si rahisi mtu wa umri wake kuyasema hayo mbele ya wanawake wawili.

Sikukuu yenyewe, watu wametoka kuswali Idi na hakuna cha kula, Yunusu alivua kanzu akashuka kisimani. Alifukia kimo alichokichimba, kwa mawe ya matumbawe chini na mchanga safi juu. Kisha akafanya jambo ambalo Kijakazi hakuliwaza, kwa kuwa lilikuwa la fundi. Alisema kina tumekipoteza, basi upungufu wake tuutafute kwa upana. Akachimba kutoka ubavuni mwa kisima handaki fupi, lenye kina kilekile cha zamani, kuelekea upande wa minazi, akalifunika kwa magogo na makuti. Maji matamu yakachuruzika humo taratibu, mengi kuliko yale ya zamani. Nimewahi kuona handaki kama hilo kwenye kitabu, likiwa na jina refu.

Mvua zikachelewa. Siku kumi na tisa baada ya Idi anga lilikuwa jeupe kabisa. Kijakazi alifuata bahari: leo akiteka alasiri, baada ya siku chache ni magharibi, kisha ni asubuhi, kila siku akichelewa kidogo kuliko jana. Alijiwekea kata arobaini kwa tuta, na zikitimia aliacha, hata kama maji yalikuwa yanamwita. Tuta moja kati ya yale mawili lilikuwa limeshaumia sana, likafa. La mwisho likatoa jani jipya, dogo, la kijani lisilo na ukingo wa kahawia. Bibi alilipigia magoti kulitazama. Akasema hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na alikuwa ameshazaa.

Watu wakaacha kuomba matembele. Sijui ni nani aliyeanza, lakini jioni wakawa wanakuja na makuti makavu kufunika udongo wa lile tuta, ili jua lisinyonye unyevu. Walikuwa na njaa kiasi cha kutembea wakijishika ukutani, na majani yale yalikuwa mbele ya macho yao, na hakuna aliyechuma.

Mvua ikanyesha usiku wa Alhamisi. Asubuhi Kijakazi alikata marando ya tuta zima, akayafunga mafungu kwa kamba za ukindu. Desturi ya Namkoko ni kwamba mbegu ya ukoo au ya kijiji hugawanywa kwa jembe. Kila mtu mzima huja na jembe lake, huliweka chini, na kila jembe hupata fungu moja. Mafungu yalikuwa madogo, vipande saba tu kwa kila jembe, na Kijakazi mwenyewe aliweka jembe lake mstarini kama wengine.

Yunusu alikuja wa mwisho. Alikuwa amebeba majembe mawili. Aliweka lake chini, kisha pembeni yake akaweka lile jingine, mpini wake ukiwa bado mpya, na kila mtu pale akalijua ni la nani. Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema, si kwa ubaya, kwamba marehemu halimi, na marando hayatoshi hata kwa walio hai. Yunusu alisikia. Lakini hakuliondoa.

Kijakazi alipita mstarini akigawa. Alipofika mwisho, mkononi alikuwa na fungu moja. Akaliweka kwenye jembe la Yunusu. Kisha akarudi mpaka kwenye jembe lake mwenyewe, akaokota lile fungu lililokuwa limekwisha kuwekwa pale, akaja kuliweka juu ya jembe la Ahmadi.

Mzee akainama kama anayetaka kuokota kitu, akabaki ameinama, na tangu habari za vita zifike hiyo ndiyo mara ya kwanza watu walimsikia analia. Kijakazi alimsubiri mpaka amalize. Baadaye walikwenda wote wawili shambani mvuani, na wakaanza kwa kupanda vipande saba vya Ahmadi.